Usimhukumu Veronika: namna ya kuitazama Korongo Wanaruka

Kila ninapompendekezea mtu filamu ya Kisovieti Letyat zhuravli, yaani Korongo Wanaruka, huwa najua swali litakalonirudia. Haliwi juu ya vita, wala juu ya Boris aliyeuawa. Ni hili: "Sasa yule msichana alishindwaje kumngoja?" Nimeulizwa na wanaume na wanawake, wengine kwa hasira kabisa. Kwa hiyo siku hizi natoa ushauri kabla mtu hajaitazama: kaa kwenye kiti cha mtazamaji, usikae kwenye kiti cha hakimu. Ukianza kuhukumu mapema, filamu nzima itakupita.

Kwa asiyeijua, ilitengenezwa na Mosfilm, studio ya filamu ya Moscow, mwaka 1957. Mwongozaji ni Mikhail Kalatozov, mpiga picha ni Sergei Urusevsky, na hadithi imetoka katika tamthilia ya Viktor Rozov. Mwaka 1958 ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Ni ya nyeusi na nyeupe na haifiki hata saa mbili. Boris na Veronika wanapendana mjini Moscow. Juni 1941 Ujerumani inavamia, Boris anajitolea kwenda vitani, na huko anauawa. Nyumbani wanachoambiwa ni kwamba hajulikani alipo. Baada ya muda Veronika anaolewa na Mark, mpiga piano, binamu yake Boris, aliyeupata msamaha wa kutokwenda vitani kwa ujanja.

Ukisimuliwa hivyo tu, ni rahisi kumlaani. Lakini hebu fuata mambo kwa mpangilio wake. Siku ya kuagana, Veronika anachelewa, na kamera inateremka naye kutoka kwenye basi, inajipenyeza naye kwenye umati wa mama, wake na watoto wanaolia, kisha inapaa juu na kumwonyesha akikatiza mbio kati ya vifaru. Hamwoni Boris, na Boris hamwoni yeye. Wanapishana kwa hatua chache. Alichomwachia ni kindi wa kuchezea, kwa kuwa Kindi ndilo jina alilomwita kwa mapenzi, na chini ya kindi yule kuna barua ambayo Veronika haioni. Kwa hiyo anaanza kungoja bila neno hata moja la kwaheri.

Kisha linakuja shambulio la anga. Veronika anatoka kwenye handaki la treni, anakimbilia nyumbani, anapanda ngazi zinazofuka moshi na kufungua mlango wa kwao. Nyuma ya mlango hakuna chumba. Hakuna baba, hakuna mama, kuna anga tupu na sauti ya saa. Tatyana Samoilova, aliyemwigiza Veronika, hapigi kelele pale. Anaziba masikio. Nimeona waigizaji wengi wakilia kwenye filamu za vita, na bado sijaona kilio kinachoifikia ile mikono miwili.

Baada ya hapo ndipo Mark anamjia, usiku mwingine wa mabomu, Veronika akiwa peke yake katika nyumba ya watu waliomhifadhi. Veronika anamkatalia, anampiga vibao kimoja baada ya kingine. Mark anambeba akikanyaga vioo vilivyovunjika, na papo hapo picha inahamia kwenye buti za Boris zikikanyaga matope, muda mfupi kabla ya risasi kumpata. Kalatozov aliziunganisha hatua hizo makusudi. Anayesema Veronika "alimsaliti" Boris amezitazama hatua za kwanza akazisahau za pili. Vita vinawachukua wote wawili katika dakika zilezile, mmoja kinamasini, mwingine sebuleni. Baadaye, anapotangazwa kuwa mke wa Mark, uso wake ni wa mtu aliyekwisha kuvunjwa. Sijaona furaha hata chembe pale.

Sisi tumelelewa na msemo wa subira huvuta heri, na Wasovieti nao wakati wa vita walihimizwa hivyohivyo: mwanamke angoje, mpenzi wake atarudi. Ndiyo maana filamu hii ilihitaji ujasiri. Stalin alikuwa amekufa mwaka 1953, na watengenezaji wa filamu ndio kwanza walikuwa wanapata nafasi ya kuonyesha vita bila kuwaweka majemadari mbele. Katika nchi iliyopoteza watu wapatao milioni 27, Kalatozov alimchagua mwanamke aliyeshindwa kungoja, akampa heshima yote.

Ukifika kwenye hospitali kule Siberia, tulia kabisa. Mwanajeshi mmoja amepata habari kwamba mchumba wake ameolewa, anataka kufa. Baba yake Boris, daktari Fyodor Ivanovich, anamtuliza kwa kuwalaani wanawake wa namna hiyo mbele ya wodi nzima. Ni mtu mwema, na kila neno analisema kwa kumwonea huruma yule kijana. Veronika, ambaye ni muuguzi palepale, amesimama anasikia. Daktari anasema yale ambayo wengi wetu tunayasema kuhusu Veronika, na filamu inatulazimisha tuone yanamwangukia nani. Anatoka mbio kuelekea relini.

Jambo jingine la kufuatilia ni ngazi. Mwanzoni Boris anazipanda mbio kwa furaha akimfuata mpenzi wake. Veronika anazipanda zikiwaka moto. Na Boris anapokufa, miti ya mibetula ikizunguka juu yake, anajiona tena akizipanda kwenda kwenye harusi ambayo haitakuwapo. Ukilishika hilo, utaona kwamba hapakuwa na haja ya maneno mengi.

Haina ukamilifu. Mark amefanywa mwovu mno, mpaka anamgawia mwanamke mwingine yule kindi kama zawadi. Ningependa awe mwoga wa kawaida, kwa sababu waoga wa kawaida ndio wengi. Na yule mtoto ambaye Veronika anamwokoa asikanyagwe na gari, kumbe naye anaitwa Boris! Hapo mkono wa mwandishi unaonekana wazi. Hotuba ya Stepan, rafiki yake Boris, stesheni, vita vilipokwisha mwaka 1945, nayo ina harufu ya serikali. Ila wakati anahutubia, wewe mtazame Veronika akianza kugawa maua aliyomletea Boris kwa watu asiowajua. Hapo ndipo penye mwisho wa kweli.

Tafuta nakala iliyosafishwa vizuri, maana kwenye nakala mbovu ule weusi wa Urusevsky unageuka ukungu, na usikilize sauti za Kirusi huku ukisoma tafsiri chini ya picha. Nakuomba pia uangalie unaitazama na nani. Rafiki yangu mmoja aliyefiwa na wazazi wake alinitaka niizime pale mlango ulipofunguka, nikaizima, na hatukuirudia. Mtu mwenye msiba wa karibu, au anayemsubiri ndugu aliyepotea, mweleze kwanza kilichomo, aamue mwenyewe.

Ukiimaliza na ukawa na hamu ya nyingine, ipo ile ya Grigory Chukhrai ya mwaka 1959, Ballada o soldate, ya kijana anayepewa ruhusa ya siku chache akamwone mama yake na kukutana na msichana kwenye treni. Mapenzi yake ni mepesi zaidi na inakutangazia tangu mwanzo kwamba kijana hatarudi. Usizitazame zote mbili siku moja.