Maswali ya waajiri: wanagenzi, vyeti na mabomba yanayovuja

Maswali ya leo yametoka kwa waajiri na mafundi wa huduma za umma nchini Tanzania.

Vijana wanakuja kwenye mamlaka yetu ya maji na vyeti vya VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, lakini bomba likipasuka wanasimama pembeni. Chuoni wanafundishwa nini?

Wanafundishwa kukata na kuunganisha bomba wakiwa karakanani, mahali pakavu. Bomba la barabarani limezama kwenye tope, na wateja wamelizunguka shimo wakiuliza maji yatarudi saa ngapi. Anayejua valvu ya mtaa ule imefukiwa wapi ni fundi wako wa zamani, na mara nyingi haimo kwenye ramani yoyote. Ujuzi huo uko kwako. Fundi huyo akifikisha miaka 60 anastaafu, anaondoka nao.

Ndiyo maana naunga mkono uanagenzi pacha wa VETA, ambapo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na eneo la kazi. Lakini mwajiri anayempokea kijana kisha akamfanya wa kufuata chai na kutoa fotokopi asimlaumu mtu. Mpangie fundi mmoja wa kumfuata, na fundi huyo apunguziwe kazi nyingine, maana kufundisha nako ni kazi. Kila wiki iandikwe kijana amefanya nini kwa mikono yake mwenyewe.

Tukishamfundisha, ni lazima tumwajiri?

Hapana. Ajira za utumishi wa umma kwa kawaida hutangazwa na kushindaniwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Mwambieni hivyo siku ya kwanza. Kauli ya "vumilia, tutakuangalia" imewapotezea vijana wengi miaka yao, na inaniuma kila ninapoisikia.

Kampuni yetu inazoa taka kwa mkataba na halmashauri. Tozo ya kuendeleza ujuzi tunalipa, tufundishe tena?

Manung'uniko yenu yana msingi. Tozo hiyo ilishushwa Julai 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara, lakini bado ni fedha nyingi kwa kampuni ndogo, na mlipaji ana haki ya kuona imefanya nini. Dai hilo lipelekeni kupitia Chama cha Waajiri Tanzania. Hata hivyo, kulishusha lori lililojaa taka kwenye kilima chenye utelezi mtu hujifunzia kwenye lori hilohilo, pembeni ya dereva mzoefu. Hapo tozo haiwezi kuwasaidia.

Ni kibarua wa umeme halmashauri kwa miaka mingi, sina cheti. Kila nafasi ikitangazwa naachwa.

Nenda chuo cha VETA kilicho karibu nawe, uulizie urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Utapimwa kwa vitendo, penye upungufu utafundishwa kwa muda mfupi, na ukifaulu utapewa cheti bila kuanza chuo upya. Kabla hujaenda, mwombe msimamizi wako barua inayotaja kazi ulizofanya. Na wewe msimamizi unayesoma hapa, iandike wiki hii.