Nimemsamehe aliyemuua kaka yangu, mbona bado nalia?

Swali: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Nakuru, na nimeokoka kwa miaka mingi. Kaka yangu aliuawa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, Januari 2008, na mmoja wa waliohusika ni jirani tuliyekua naye. Alikuja kuomba msamaha, nami nilimsamehe. Hata hivyo, kila kampeni za uchaguzi zinapoanza usingizi hunipotea na kilio hurudi, hadi daktari akanianzishia dawa. Mhubiri wa kesha ninalohudhuria amesema moyo wangu haujafanywa upya, kwamba nimefungwa na madhabahu ya ukoo, yaani laana itokayo kwa mababu, na kwamba nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya shilingi elfu ishirini na kuacha dawa kwa imani ili nifunguliwe. Je, ni kweli sikusamehe?

Jibu: Mama, kabla sijafika kwenye swali lenyewe, nakusihi usiache dawa hata kwa siku moja. Zikikulemea, mrudie daktari aliyekuandikia, kwa maana yeye ndiye ajuaye namna ya kuzipunguza. Paulo, ambaye Mungu alimtumia kuponya wengi, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, wala hakuwashtaki hao wawili kwa upungufu wa imani. Baada ya miili ya waumini waliofundishwa kufunga hadi kufa kufukuliwa Shakahola mwaka 2023, hakuna mhubiri nchini Kenya mwenye udhuru wa kudai kwamba mwili wa muumini uteswe ili imani yake ithibitike.

Sasa nije kwenye moyo. Ahadi ambayo wahubiri hawa hupenda kuinukuu imo katika Ezekieli 36, nayo walipewa watu waliokuwa uhamishoni, waliokwisha kupoteza nyumba na jamaa. Mungu aliwaahidi kuutoa moyo wa jiwe na kuwapa moyo wa nyama. Mhubiri wako anaisoma kana kwamba imeandikwa kinyume, maana anataka uthibitishe kwamba umefanywa upya kwa kutokuhisi chochote unapomkumbuka ndugu yako, na kutokuhisi ni sifa ya jiwe. Moyo wa nyama huumia.

Mtazame Yusufu, ambaye ndugu zake walimuuza utumwani. Alipojitambulisha kwa ndugu zake alilia kwa sauti hata Wamisri wakasikia, akawabusu, akawapa makao Gosheni na kuwalisha. Yakobo, baba yao, aliishi Misri miaka 17 baada ya hapo. Alipokwisha kuzikwa, ndugu wakaingiwa na hofu, wakatuma ujumbe kuomba msamaha upya, na Mwanzo 50 inasema kwamba Yusufu alilia walipomwambia hayo. Alikuwa amesamehe kweli, kwa maneno na kwa matendo, na bado jambo lile lilipoguswa machozi yalitoka. Kisha aliwafariji na kusema nao kwa upole. Msamaha wake ulionekana katika jinsi alivyowatendea, hata macho yake yakiwa na machozi. Wewe nawe unaeleza kwamba ulimsamehe jirani yako na hujaandika popote kwamba unamtakia mabaya, kwa hiyo sioni kwa nini mtu akutangazie kwamba hukusamehe.

Niongeze kwamba kusamehe hakukulazimishi kumwamini mara moja. Yusufu huyohuyo alimfunga Simeoni na kuwajaribu ndugu zake kwa kikombe kabla ya kujifunua kwao. Ukimsalimia jirani njiani na kumwombea, hujavunja amri yoyote kwa kutokwenda kuketi sebuleni kwake.

Habari za madhabahu ya ukoo nitazijibu kwa ufupi, kwa kuwa Ezekieli 18 ilikwisha kuwanyamazisha waliosema meno ya watoto yametiwa ganzi kwa zabibu walizokula baba zao, na Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana. Linalonikera zaidi ni matokeo ya fundisho hilo katika mji kama wetu. Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko yale, ilihesabu vifo 1,133, na watu hao waliuawa kwa mikono ya watu, kwa uchochezi wa watu, katika ugomvi wa kura na ardhi. Anayesema chanzo cha msiba wako ni madhabahu ya babu yako amewaondolea hatia waliochochea na kuua, akamtwika aliyefiwa. Huo ni uonevu, hata ukihubiriwa kwa machozi.

Kuhusu shilingi elfu ishirini, Elisha alikataa zawadi za Naamani aliyeponywa ukoma, naye mtumishi wake Gehazi aliyemkimbilia Naamani nyuma ili azipokee alirudi na ukoma. Petro alimwambia Simoni mchawi fedha yake ipotelee mbali pamoja naye, kwa kudhani karama ya Mungu yapatikana kwa mali. Sadaka ni njema. Ada ya kufunguliwa haimo katika Injili.

Mungu huponya, nami nimeliombea hilo na nitazidi kuliombea. Lakini Zaburi 147 inasema huwaponya waliopondeka moyo na kuziganga jeraha zao, na Paulo anasema utu wa ndani hufanywa upya siku kwa siku. Waite wazee wa kanisa lako wakuombee na kukupaka mafuta kama Yakobo 5 inavyoagiza, bila malipo. Achana na kesha hilo. Tafuta mshauri nasaha aliyezoea waliofiwa katika vurugu, na umweleze pia habari za usiku wa kampeni. Kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto, panga na daktari mapema, zima redio jioni, na uwaombe akina mama wawili wa ushirika wenu wawe wakija kulala kwako usingizi unapokataa. Watoto wako nao waambie mjomba wao alikuwa mtu wa namna gani, si jinsi alivyokufa tu. Na kama umekwisha kutoa sehemu ya zile elfu ishirini, usione haya wala usijilaumu, iliyobaki usiitoe.