Kabla ya kuruhusu mbwa ofisini

Mbwa ofisini humpunguzia mtu msongo wa kazi, ila faida kubwa humwendea mwenye mbwa. Watafiti wa Virginia Commonwealth University, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliona kwamba msongo wa wafanyakazi waliokuja na mbwa wao ulipungua kadiri siku ilivyosonga, huku wa wenzao ukipanda. Kwa hiyo anza na wasio na mbwa.

Piga kura ya siri. Kunyoosha mikono hakufai kitu. Nani atataka kuonekana ndiye aliyemkatalia bosi mbwa wake? Uliza pia nani ana mzio au pumu, nani anaogopa mbwa, na nani dini yake inamtaka ajiepushe na mate ya mbwa. Usikubali hoja ya "wangu ana manyoya mafupi". Kinachochokoza mzio kinatoka kwenye mate na ngozi, kisha kinaganda kwenye kapeti na viti vya kitambaa hata mbwa akiwa ameshaondoka. Mwenye pumu apewe chumba ambacho mbwa haingii kabisa, na kiwe chumba kizuri, si stoo.

Mbwa mwenyewe awe na kadi ya chanjo, ya kichaa cha mbwa ikiwemo, na awe amezoea kujisaidia nje. Siku ya kwanza saa mbili zinatosha. Mbwa wawili wasiojuana wakutane nje, watembezwe sambamba kwa umbali, ndipo waingie. Wakikutana ana kwa ana kwenye korido nyembamba, hakuna wa kupisha, na ugomvi huanzia hapo.

Kamba iwe ya mita moja na nusu, ifungwe kwenye mguu wa meza nzito. Ukiifunga kwenye kiti cha magurudumu, mlango ukigongwa tu mbwa anaondoka nacho. Kapu la taka liwe na mfuniko: chokoleti, zabibu kavu na bazoka zisizo na sukari zenye xylitol (kitu kinachotia utamu badala ya sukari) ni sumu kwake.

Akipiga miayo ovyo, akijilamba midomo, akigeuza uso huku mwili umekakamaa, amechoka kushikwashikwa, mtoe nje. Akinguruma usimkaripie. Mbwa aliyekatazwa kunguruma hung'ata bila onyo.

Akikojoa ndani, kausha kwa taulo bila kusugua, kisha mwagia dawa yenye vimeng'enya vinavyovunja mkojo na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Dawa zenye amonia zinanuka kama mkojo, naye atarudi palepale. Klorini usiiguse kabisa, maana ikichanganyika na mkojo hutoa hewa ya sumu.

Mtoe ajisaidie kila baada ya saa tatu au nne. Mwenye kikao cha nusu siku amwache nyumbani na mtu wa kumwangalia. Kumwachia jirani wa meza ndiko kunakozaa manung'uniko mengi kuliko kubweka.