Gilandi ya shafti ikikauka kabisa, ishuku

Boti yenye mashine ya ndani ina tundu moja lisilozibwa kwa kalafati: pale shafti inapotokea kwenda kwenye propela. Kinachozuia bahari hapo ni gilandi, kikopo cha shaba chenye pete za kamba ya pakini ndani, na kibanio cha kuzikandamiza zishike shafti. Manahodha wengi huipima kwa ngama, sakafu ya chini ya chombo yanapokusanyika maji. Ngama ikiwa kavu, wanaridhika. Lakini pakini ya kitani, hata iliyoshibishwa mafuta, hupozwa na kulainishwa na maji yale yale inayoyazuia. Ukiikausha, inaungua, inakuwa ngumu kama ukuni, kisha inaichonga shafti mfereji.

Shafti inapozunguka, matone mawili matatu kwa dakika ndiyo afya. Hata tone moja kila sekunde 10 si msiba: matone 20 ni kama mililita moja, kwa hiyo kutwa kucha hayafiki nusu lita. Tone kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na hapo ushike spana. Kipimo kingine ni mkono. Baada ya nusu saa ya mwendo zima mashine, gusa kikopo. Vuguvugu, sawa. Ukishindwa kuuacha mkono hapo, umebana mno.

Kubana kwenyewe ni kwa subira. Legeza nati za kufungia, kisha zungusha kila nati ya kibanio pembe moja tu, yaani sehemu moja ya sita ya mzunguko, pande zote mbili sawasawa. Ukikaza upande mmoja zaidi, kibanio kinalala na kusaga shafti. Kibanio kikishafika mwisho wa safari yake, pakini imekwisha. Kuongeza pete moja mpya juu ya zile kuukuu ni kujidanganya, maana ndiyo pekee itakayofanya kazi, na haitadumu.

Dukani usiende na kipande cha pakini iliyotolewa, kwa kuwa imeshabanwa ikapoteza unene wake. Pima kipenyo cha ndani cha kikopo, toa kipenyo cha shafti, gawa kwa mbili. Kikopo cha milimita 46 na shafti ya 30 kinataka pakini ya milimita 8. Pete moja itakuwa na urefu wa kama milimita 120. Pete nne ni karibu nusu mita. Nunua mita nzima, kwani lazima utaharibu moja. Chagua ya kitani yenye mafuta au yenye teflon. Ile nyeusi ya grafiti inayouzwa kwa pampu za maji iache: kwenye maji ya chumvi hula shafti ya stenlesi vishimo vishimo.

Kubadili pakini hufanyika hata chombo kikielea, kwa kuziba tundu nje na kufua maji, lakini kwa nini ujitese? Pwani yetu ina bamvua. Unguja na Mombasa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Kipweleze chombo, kitie gadi, yaani miti ya kukiegemeza, uanze tezi, upande wa nyuma, ikishakauka. Pete zako ziwe zimeshakatwa tangu jana yake.

Kukata: zungusha kamba kwenye bomba lenye kipenyo kile kile cha shafti, kata kwa kisu kikali, ncha zikutane bila mwanya na bila kupandana.

Kutoa za zamani ndiko kunakochosha. Rudisha kibanio nyuma, choma skrubu mbili ndefu za mbao kwenye pakini, vuta kwa koleo. Skrubu ziende kwenye kamba, zisiguse shafti, maana mkwaruzo mmoja hapo utakula pete mpya kila siku. Hesabu pete zinazotoka, kisha mulika tochi ndani kabisa. Ile ya chini huganda ukutani ikaonekana kama sehemu ya kikopo, na fundi mwenye haraka huiacha humo. Futa shafti, pitisha ukucha: ukinasa kwenye mfereji, msasa hautausaidia, shafti inataka kuchongwa au kubadilishwa.

Paka kila pete grisi isiyoyeyuka majini. Ingiza moja moja, isukume mpaka ikae, na maungio yake yasifuatane: ya kwanza juu, ya pili upande mwingine, kama fundi apangavyo matofali. Funga kibanio kwa vidole tu. Chombo kikielea maji yatachuruzika, usiogope. Endesha mashine polepole saa moja, bana pembe moja, subiri dakika kumi, pima tena.

Ukiwa humo, angalia mpira unaounganisha gilandi na bomba la shafti, kama gilandi yako ni ya aina hiyo. Ukiwa na nyufa, toa. Kila ncha iwe na klipu mbili za stenlesi. Mpira wa tairi hauna kazi hapa.

Pakini mpya ikivuja tena baada ya wiki chache, usiilaumu. Shafti inacheza. Huenda bushi ya nje, inayoishika shafti karibu na propela, imelika, mipira ya kukalia mashine imelegea, au kaplingi, kiungo cha shafti na mashine, haijanyooka. Fungua kaplingi chombo kikiwa majini, kwani mbao hubadili umbo zikiwa nchi kavu, upime mwanya kati ya nyuso zake mbili juu, chini na pembeni. Kwa kaplingi ya milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Lakini kabla ya yote hayo zamia propelani. Mara nyingi utakuta mshipi wa nailoni umejisokota mbele ya bushi, na dawa yake ni kisu.