Kipimo cha elisa kisikupumbaze

Mwaka wangu wa kwanza katika maabara ya kusafisha kingamwili za tiba, niliandika ripoti iliyosema kwamba, kwa elisa, kipimo kinachotumia kingamwili kunasa na kuhesabu protini, sampuli yetu ilikuwa na nanogramu 40 za protini za seli mwenyeji, yaani mabaki ya seli zinazotengeneza dawa, kwa kila miligramu ya dawa, chini kabisa ya zile 100 ambazo wengi katika kazi hii huzichukua kuwa kikomo. Msimamizi wangu hakubishana nami; aliniomba tu niizimue sampuli ile ile mara 10, kisha mara 100, nipime upya. Nilitia asidi katika sahani ya vishimo 96, buluu ikageuka manjano, na nilipozidisha majibu kwa kiwango cha uzimuaji, 40 ilikuwa imefika 90, kisha 300 na ushei.

Jibu likizidi kupanda kila unapozimua, shuku kwamba kuna protini moja iliyo nyingi kuliko kingamwili zilizowekwa kishimoni kuinasa, hivyo sehemu yake kubwa hupita bila kuhesabiwa. Ndivyo ilivyotokea kwa lebrikizumab, dawa ya kingamwili ya kampuni ya Genentech: protini iitwayo PLBL2, ya seli za hamsta zilizotengeneza dawa hiyo, ilijificha katika kipimo cha jumla, na wagonjwa wengi wa majaribio wakatengeneza kingamwili dhidi yake, ingawa madhara ya kiafya hayakuonekana.

Kwa hiyo usiulize kiasi tu, uliza jina. Spektrometa ya masi, mashine inayotambua vipande vya protini kwa uzito wake, baada ya protini kukatwakatwa kwa kimeng'enya cha tripsini, hukutajia kilichomo, hata kile ambacho mbuzi au sungura aliyetumika kutengeneza kingamwili za elisa hakukitambua. Ni kazi ya polepole, na mashine yake ni ghali, lakini jina ndilo linalokuonyesha pa kushika.

Katika kuuondoa uchafu huo, kosa langu lilikuwa kukimbilia kuongeza safu nyingine ya kromatografia, yaani bomba lililojaa chembe za resini zinazotenganisha protini. Uchafu mwingi unaotoka na dawa kwenye safu ya Protini A, ile ya kwanza inayoikamata kingamwili, haukushika resini. Umeing'ang'ania kingamwili yenyewe, kama kupe mgongoni mwa ng'ombe. Anza na maji ya kuoshea: ongeza chumvi au asidi amino ya arginini, pandisha pH, na uoshe kabla ya kuitoa dawa kwa asidi, huku ukipima ni kiasi gani cha dawa unachokipoteza. Kisichoachia hapo ndicho cha kupelekwa kwenye safu ya kubadilishana ioni, au ile inayotenganisha protini kwa jinsi zinavyokwepa maji, ambayo ndiyo iliyoiondoa PLBL2.

Lipasi, vimeng'enya vya seli mwenyeji vinavyovunja mafuta, ndizo zinazoninyima usingizi kuliko zote. Kiasi kidogo mno, ambacho elisa haitakishtukia, hutosha kuivunja polisobati, kiambato kinachoilinda dawa isigandamane, taratibu ndani ya chupa mpaka chembe za asidi za mafuta zielee. Siku hizi huacha chupa kadhaa za kila hatua ya usafishaji kwenye friji na nyingine kwenye joto la nyuzi 25, na kila mwezi huziinua moja moja mbele ya taa, kabla hata sijafungua jedwali la majibu.