Jibu: Kwa nini sentensi ya Sultani inakataliwa?

Salaam kutoka Malindi, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini zoezi lako la SAT, mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani, linakataa "Arriving in Malindi in 1498, the Sultan gave Vasco da Gama a pilot", ilhali kila mtu anajua aliyefika ni nani.

Mtihani haujali unachokijua. Fungu la mwanzo ("Arriving in Malindi in 1498") halitaji aliyefika, kwa hiyo nomino inayofuata mkato ndiyo inayolibeba. Hapo tumemfanya Sultani mgeni mjini kwake! Iliyo sawa: "Arriving in Malindi in 1498, Vasco da Gama received a pilot from the Sultan."

Kabla hujayapima majibu kwa mengine yote, angalia kwanza nomino iliyo baada ya mkato, ujiulize: huyu ndiye aliyefanya? Mara nyingi majibu mawili matatu huanguka papo hapo.

Mtego unaowanasa zaidi wanafunzi wangu wa tuisheni ni apostrofi, ile alama ya ('s) ya kuonyesha umiliki. "Born in Lamu, the poet's verses..." inapendeza masikioni, lakini nomino kuu ni "verses". Waliozaliwa Lamu wamekuwa mashairi, mshairi hayumo.

"Which" nayo kwa kawaida hushika nomino ya jirani, ila kitenzi huweza kuirudisha nyuma: katika "the doors of Lamu, which are carved", "are" ni ya wingi, basi inayozungumziwa ni milango.

Kama unalenga GMAT, mtihani wa kuingia masomo ya juu ya biashara, usijisumbue sana na haya. Toleo lililoanza mwishoni mwa 2023 limeondoa maswali ya kusahihisha sentensi.