Kanda ya Marehemu Mjomba: Ni Mbovu, au Ndivyo Ilivyopigwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika sanduku la marehemu mjomba, aliyewahi kusoma Ujerumani, tumekuta kaseti yenye jalada la fotokopi lisilo na jina la kampuni. Ni muziki wa vinanda vya umeme usio na mwimbaji. Sauti zilezile hujirudia kwa dakika nyingi, na mara nyingine huyumba kama redio yenye betri dhaifu. Utepe una madoa meupe. Fundi mmoja amenishauri niitupe. Nifanyeje? — Msomaji, Tukuyu.

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usiitupe. Maelezo yako yanalingana na muziki wa sinthesaiza, yaani vinanda vinavyounda sauti kwa umeme, uliokuzwa Berlin miaka ya 1970 na kundi la Tangerine Dream pamoja na Klaus Schulze, ambao baadaye wapenzi wake wengi waliupiga nyumbani, wakajirekodia na kugawa kaseti kwa njia ya posta, kwa nakala chache sana. Huenda hiyo uliyonayo haina nakala nyingine hapa nchini.

Kujirudia kwa sauti si kasoro. Sinthesaiza hizo ziliunganishwa na kifaa kinachokumbuka mfuatano mfupi wa noti na kuupiga bila kuchoka, huku mpigaji akizungusha vitufe polepole ili sauti ing'ae, ififie au iwe nzito. Basi usisubiri kiitikio, sikiliza namna noti ileile inavyobadilika rangi.

Kuyumba ndiko kunakohitaji sikio makini. Sinthesaiza za zamani zilihama tuni zikipata joto, na jambo hilo linasikika hata katika Phaedra, albamu ya Tangerine Dream ya mwaka 1974. Sauti moja ikiteleza huku nyingine zimetulia, kosa ni la chombo na sasa ni sehemu ya muziki. Lakini sauti zote zikipanda na kushuka kwa pamoja, tatizo liko kwenye utepe au kwenye redio, kwa kuwa kaseti hutakiwa kwenda kwa mwendo usiobadilika wa sentimita 4.76 kwa sekunde.

Madoa meupe yanaelekea kuwa kuvu, adui mkubwa wa kanda katika mji wenye mvua kama Tukuyu. Usiipige tena kwanza, maana kuvu huhamia kwenye hedi ya redio, yaani sehemu inayosoma utepe, na kuambukiza kanda zako nyingine, hata za kwaya. Itenge, iache ikauke ndani ya nyumba mbali na jua na jiko, kisha mpe fundi mwenye subira aifungue na kuufuta utepe taratibu kwa kitambaa laini kikavu, akiwa amefunika pua na mdomo. Hedi isafishwe kwa pamba na spiriti. Ndipo uipige mara moja tu, ukiunganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta. Nakala hiyo ya kwanza iache kama ilivyo, pamoja na mvumo wake. Ukitaka kusafisha sauti, fanyia kazi nakala ya pili.